Uzito wa Atomu, Kutoka Jiwe la Tabaka hadi Risasi ya Morogoro

Atomu moja ya risasi ina uzito wa zaidi ya mara 205 ya atomu moja ya haidrojeni. Hakuna mizani, iwe ya dukani au ya maabara ya shule, inayoweza kupokea atomu moja na kutoa jibu: uzito wa atomu ya haidrojeni ukiandikwa kwa gramu, sufuri 23 hufuatana baada ya nukta kabla ya tarakimu ya kwanza kuonekana. Kemia basi ilichukua njia nyingine, ileile anayoitumia mnunuzi wa ndizi katika soko la Nyamarambe, huko Kisii, pasipo mizani. Huinua chane moja kwa mkono wa kulia na nyingine kwa mkono wa kushoto, akajua hii ni karibu mara mbili ya ile. Kilo hajazijua, lakini uwiano ameshaupata. Namba zinazoandikwa kando ya alama za elementi katika lile jedwali linalobandikwa ukutani darasani ni uwiano wa namna hiyo.

Uwiano hauna maana bila kitu cha kulinganishia. Tangu mwaka 1961 kitu hicho ni atomu ya kaboni-12, yenye protoni 6 na nutroni 6 ndani ya kiini chake, nayo imepewa tungamo ya 12 kamili bila desimali. Sehemu yake moja ya kumi na mbili ndiyo kipimo, na huitwa dalton. Zamani haidrojeni ndiyo iliyohesabiwa kuwa 1, baadaye oksijeni ikahesabiwa kuwa 16, na kwa miongo kadhaa wanafizikia na wanakemia walitumia oksijeni mbili zisizolingana: wanafizikia walishika aina moja tu ya atomu zake, wanakemia wakashika mchanganyiko unaopatikana hewani. Tofauti ilikuwa ndogo mno, lakini iliyavuruga majedwali hadi kaboni-12 ilipokubaliwa na pande zote mbili. Kwa kipimo hicho haidrojeni ni 1.008, kaboni ya kawaida 12.011, naitrojeni 14.007, oksijeni 15.999, chuma 55.845, dhahabu 196.97, risasi 207.2 na uraniamu 238.03. Vitabu vya fizikia hupendelea neno tungamo na watu wengi husema uzito. Hapa yote mawili yana maana moja.

Ulinganisho huu una faida kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ukipima gramu 12 za kaboni-12, gramu 55.8 za chuma na gramu 207.2 za risasi, marundo hayo matatu yatakuwa na idadi ileile ya atomu, takriban 6.022 mara kumi kwa kipeo cha 23. Idadi hiyo huitwa moli. Ni neno la kuhesabia, kama vile trei ni neno la kuhesabia mayai: trei ya mayai ya kuku na trei ya mayai ya kware zote zina mayai 30, ingawa moja huchosha mkono na nyingine haichoshi. Mtu anayejua uzito wa yai moja la kila aina anaweza kupima gunia zima na kutaja idadi ya mayai bila kuyahesabu. Hivyo ndivyo tungamo ya atomu inavyofanya kazi: hugeuza gramu za mizani kuwa hesabu ya vitu visivyoonekana.

Si mbali na Nyamarambe, katika eneo hilohilo la Mugirango Kusini, kuna machimbo ya Tabaka, ambako huchimbwa jiwe la sabuni linalojulikana duniani kwa jina la jiwe la Kisii. Wachongaji hulikata kwa msumeno na panga, hulitia umbo kwa patasi na visu, hulisugua kwa msasa na maji, kisha hulipaka nta hadi ling'ae. Mawe laini ya kuchonga yana madini ya namna kadhaa, na yanayotajwa zaidi yanapozungumzwa mawe ya sabuni ni talki, ambayo mtu anaweza kuitia alama kwa ukucha tu. Talki safi imeundwa kwa magnesiamu, silikoni, oksijeni na haidrojeni. Kila kifungu chake kina atomu 3 za magnesiamu, 4 za silikoni, 12 za oksijeni na 2 za haidrojeni, jumla atomu 21.

Hapa ndipo kuhesabu na kupima vinapoachana. Magnesiamu ni 24.305 na silikoni ni 28.086; tukijumlisha elementi zote nne kwa idadi zake, kifungu kizima kinafika 379.3. Bakuli dogo la talki safi lenye gramu 379 lingekuwa na gramu 73 za magnesiamu, gramu 112 za silikoni, gramu 192 za oksijeni na gramu 2 tu za haidrojeni. Nusu ya uzito wa bakuli ni oksijeni, elementi ambayo wengi huifahamu kama hewa ya kuvuta. Haidrojeni nayo, kwa idadi, ni karibu atomu moja katika kila kumi, lakini katika mizani haifiki hata asilimia moja. Anayeulizwa bakuli lina haidrojeni nyingi au kidogo hana budi kuuliza kwanza: kwa kuhesabu au kwa kupima?

Swali hilohilo lilimsumbua John Dalton, mwalimu wa Manchester, Uingereza, aliyetengeneza majedwali ya kwanza ya uzito wa atomu mwanzoni mwa karne ya 19. Aliweza kupima haidrojeni na oksijeni zilizomo katika maji kwa gramu, lakini hakuwa na njia ya kujua ni atomu ngapi za moja zilizoshikana na atomu ngapi za nyingine. Akachagua jibu rahisi kuliko yote, moja kwa moja, na katika kitabu chake cha mwaka 1808 oksijeni ikatokea kuwa 7. Vipimo bora zaidi vingempa 8. Kumbe maji yana haidrojeni mbili kwa oksijeni moja, na namba ya kweli ni 16. Kosa halikuwa la mizani. Lilikuwa la hesabu ya vichwa, na lilidumu miaka hamsini, kila mkemia akiandika kanuni zake. Mwitalia Stanislao Cannizzaro ndiye aliyelifungua fundo hilo. Alishika hoja ya mwenzake Amedeo Avogadro kwamba ujazo sawa wa gesi, katika joto na mgandamizo uleule, una idadi sawa ya molekuli. Kwa hiyo kupima uzito wa gesi mbili katika chombo kilekile ni kupima molekuli zake. Maelezo yake yalisambazwa katika mkutano wa wanakemia mjini Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1860.

Miongoni mwa waliohudhuria alikuwa Mrusi kijana, Dmitri Mendeleev. Mwaka 1869 alizipanga elementi kwa kufuata uzito wa atomu na kuona tabia zikijirudia kwa zamu. Uzuri wa namba hizo unaonekana hata katika elementi tatu tu: lithiamu 6.94, natiriamu 22.99 na potasiamu 39.10, metali laini zinazotoa mapovu ya gesi zikigusa maji. Wastani wa ya kwanza na ya tatu ni 23.02, karibu sawasawa na ya kati. Palipokuwa na pengo, Mendeleev aliacha nafasi wazi na kutabiri uzito wa elementi ambayo haijaonekana: mmoja alioukisia kuwa 68 ukapatikana mwaka 1875 katika galiamu, 69.72, mwingine alioukisia kuwa 72 ukapatikana mwaka 1886 katika jemaniamu, 72.63.

Mahali pachache mpangilio huo uligoma. Teluriamu ni 127.60 na iodini 126.90, lakini tabia zake zinataka teluriamu itangulie. Kobalti ni 58.93 na nikeli 58.69, nayo kobalti inataka kutangulia. Metali hizi mbili ni za kwetu: kobalti ndiyo utajiri wa Kolwezi huko Kongo, na nikeli iko Kabanga, wilaya ya Ngara nchini Tanzania. Mendeleev alidhani vipimo vya teluriamu vilikosewa. Havikukosewa. Mwaka 1913 Mwingereza Henry Moseley, akitumia miale ya eksirei, alionyesha kwamba mpangilio wa kweli hufuata idadi ya chaji za kiini, yaani protoni: kobalti ina 27, nikeli 28. Uzito huifuata idadi hiyo kwa karibu tu, kwa sababu ndani ya kiini kuna pia nutroni, ambazo zina uzito lakini hazina chaji, na ambazo idadi yake yaweza kubadilika bila jina la elementi kubadilika.

Atomu zenye protoni sawa na nutroni tofauti huitwa isotopu, jina lililotolewa na Frederick Soddy mwaka huohuo wa 1913. Ndizo zinazoeleza desimali za jedwali. Klorini, ambayo pamoja na natiriamu huunda chumvi ya mezani, imeandikwa 35.45, lakini hakuna atomu hata moja ya klorini yenye uzito huo. Karibu atomu 76 kati ya kila 100 zina 34.97 na zilizobaki zina 36.97; 35.45 ni wastani wa mchanganyiko. Ni kama kusema familia za kijiji zina wastani wa watoto 3.4: ni kweli, lakini hakuna nyumba yenye watoto 3.4. Kuanzia mwaka 1919 Francis Aston, huko Cambridge, alitumia kifaa kinachotawanya atomu zenye chaji kwa sumaku na umeme, nyepesi zikipinda zaidi na nzito zikipinda kidogo, na wastani ukafumuliwa kuwa atomu halisi.

Kifaa hicho kilionyesha jambo jingine la ajabu. Hata isotopu moja peke yake haina uzito wa namba kamili, isipokuwa kaboni-12 iliyopewa namba hiyo kwa makubaliano. Chukua protoni 26, nutroni 30 na elektroni 26, uzipime moja moja na kujumlisha: utapata 56.46. Ziunganishe ziwe atomu ya chuma-56: zinapungua hadi 55.93. Zaidi kidogo ya nusu dalton imetoweka. Imetoka kama nishati wakati chembe zilipokumbatiana, na upungufu huo ndio kipimo cha nguvu ya kiini. Jua huwaka kwa upungufu wa namna hiyohiyo, pale haidrojeni inapogeuka kuwa heliamu.

Afrika Mashariki imeandikwa katika historia hii kwa jiwe moja la Morogoro. Soddy na wenzake walikuwa wamefikia hitimisho kwamba uraniamu, ikioza polepole kwa mamilioni ya miaka, huishia kuwa risasi. Hesabu yake ni nyepesi: uraniamu-238 hutupa vipande vinane vya heliamu, kila kimoja kikiwa na uzito wa 4, na 238 ukitoa 32 ni 206. Thoriamu-232 hutupa vipande sita, na 232 ukitoa 24 ni 208. Kama ni hivyo, risasi iliyozaliwa ndani ya jiwe la uraniamu haina budi kuwa nyepesi kuliko risasi ya bomba au ya betri, yenye 207.2. Kwa mkemia wa wakati ule wazo hilo lilikuwa gumu kulikubali. Uzito wa atomu ulikuwa ndio kitambulisho cha elementi, na sasa aliambiwa elementi moja yaweza kuwa na vitambulisho viwili.

Otto Hönigschmid, bingwa wa kupima uzito wa atomu, na Stefanie Horovitz, mwanakemia aliyezaliwa Warsaw na kufanya kazi katika Taasisi ya Radiamu ya Vienna, walichukua jukumu la kulijaribu. Risasi waliyoitoa katika madini ya uraniamu ya St. Joachimsthal, Bohemia, ilipimwa 206.73. Ilikuwa chini ya kawaida, lakini si chini ya kutosha, kwa sababu madini hayo yalikuwa na risasi ya kawaida iliyojichanganya humo. Kilichohitajika ni jiwe safi, na jiwe hilo lilitoka Morogoro, katika koloni la wakati huo la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Katika miaka ya 1914 na 1915, Ulaya ikiwa tayari vitani, risasi ya Morogoro ilitoa 206.046. Kwa upande wa pili, risasi iliyotoka katika madini ya thoriamu ya Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, ilipimwa karibu 207.8. Risasi zote hizo zilikuwa elementi ileile, lakini zilitofautiana katika mizani, na hakuna kosa la vipimo lililoweza kuifunika tofauti hiyo.

Jina la Morogoro linastahili kutajwa katika kila darasa la kemia la ukanda huu, na jina la Horovitz pia. Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono: kusafisha kiasi kidogo cha risasi mara nyingi, kuigeuza kuwa kloridi, kupima ni fedha kiasi gani inahitajika kushika klorini yake yote, na kurudia hadi desimali zitulie. Horovitz, aliyekuwa Myahudi, aliuawa na Wanazi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Potasiamu na argoni ndizo jozi ya tatu iliyoligomea jedwali la Mendeleev, na jibu lake pia limo katika ardhi ya Afrika Mashariki. Argoni, gesi iliyo karibu asilimia moja ya hewa, ina protoni 18 na uzito wa 39.95. Potasiamu ina protoni 19, lakini uzito wake ni 39.10. Inakuwaje mwenye protoni nyingi akawa mwepesi? Sababu ni kwamba sehemu ndogo sana ya potasiamu, kama atomu 12 katika kila 100,000, ni potasiamu-40, ambayo huoza polepole, na sehemu ya zinazooza hugeuka kuwa argoni-40. Kwa muda wote ambao dunia imekuwapo, miamba imekuwa ikiitoa argoni hiyo nzito hewani, hadi leo zaidi ya asilimia 99 ya argoni yote ni argoni-40. Hali ya argoni ya leo ni kumbukumbu ya potasiamu ya jana.

Kumbukumbu hiyo inaweza kusomwa kama saa. Majivu ya volkano yakipoa huanza bila argoni, kisha huikusanya kidogo kidogo kutoka katika potasiamu yake. Mwaka 1961 Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, wakishirikiana na Louis Leakey, walitumia njia hiyo kwa majivu ya Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, ambako Mary Leakey alikuwa amefukua fuvu la zamadamu Zinjanthropus mwaka 1959. Jibu lilikuwa miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya ilivyokuwa ikidhaniwa na wengi.

Isotopu zimelifanya hata jedwali lenyewe lilegee kidogo. Jumuiya ya kimataifa ya kemia, IUPAC, haiandiki tena namba moja tu kwa haidrojeni. Huandika kuanzia 1.00784 hadi 1.00811, kwa kutegemea inakotoka. Jua linapopiga Ziwa Victoria, molekuli nyepesi za maji huwahi kupanda kuwa mvuke kuliko nzito, kwa hiyo maji yanayobaki ziwani huwa na haidrojeni nzito kidogo kuliko mvuke uliopanda. Kwa mkulima tofauti hiyo si kitu, lakini kwa mtaalamu wa maji ni alama ya kufuatilia safari ya mvua.

Kwa mkulima kinachohusu ni mfuko. Katika vilima vya Kisii, mkulima wa chai hupokea mbolea ya NPK 26-5-5 katika mifuko ya kilo 50, na namba hizo tatu hazieleweki sawasawa bila uzito wa atomu. Ya kwanza ni asilimia ya naitrojeni yenyewe: 26 kati ya 100, yaani kilo 13 katika mfuko. Ya pili na ya tatu husomwa na wengi kama fosforasi na potasiamu, lakini sivyo. Kwa mazoea ya tangu karne ya 19, huandikwa kana kwamba fosforasi na potasiamu zimeshikana na oksijeni: atomu 2 za fosforasi na 5 za oksijeni, atomu 2 za potasiamu na 1 ya oksijeni. Namba zote mbili ni 5, na kila moja ni kilo 2.5 za oksidi. Sasa tupime. Fosforasi ni 30.97, atomu mbili ni 61.9, nazo zimebeba oksijeni tano zenye 80. Fosforasi ni asilimia 44 tu ya mzigo huo, na kilo 2.5 zinabaki kilo 1.1. Potasiamu ni 39.10, atomu mbili ni 78.2, zimebeba oksijeni moja yenye 16. Potasiamu ni asilimia 83, na kilo 2.5 zinakuwa zaidi ya kilo 2. Namba ni ileile, lakini mmea umepata potasiamu karibu maradufu ya fosforasi.

Hesabu hiyohiyo inamlinda mnunuzi wa mbolea ya kupandia mahindi. DAP huandikwa 18-46-0. Namba 46 hufanya mtu aamini kwamba karibu nusu ya mfuko ni fosforasi, kilo 23. Fosforasi yenyewe ni kilo 10. Yurea nayo huandikwa 46-0-0, na hiyo 46 ni naitrojeni halisi, kwa sababu molekuli ya yurea ina uzito wa 60.06 na ndani yake naitrojeni mbili zina 28.01. Namba mbili zinazofanana, kwenye mifuko miwili inayopangwa bega kwa bega katika duka la pembejeo, zinahesabiwa kwa kanuni mbili tofauti. Mazoea haya yangefaa kubadilishwa zamani, au angalau kuelezwa wazi kwenye mfuko, maana anayelipa ana haki ya kujua ananunua nini.

Chokaa ya kupunguza uchachu wa udongo inaonyesha upande mwingine wa ulinganisho: wepesi unaweza kuwa faida. Udongo mwingi wa magharibi mwa Kenya una asidi, na mvua nyingi za vilimani huuzidishia. Chokaa ya kawaida ni kaboneti ya kalsiamu. Kalsiamu ni 40.08, na molekuli nzima ni 100.1. Mahali pa kalsiamu pakiingia magnesiamu yenye 24.3, molekuli inashuka hadi 84.3, lakini kazi yake ya kuzima asidi ni ileile kwa kila molekuli. Kilo 42 za kaboneti safi ya magnesiamu hufanya kazi ya kilo 50 za kaboneti safi ya kalsiamu. Ndiyo sababu chokaa ya dolomiti safi, yenye mchanganyiko wa zote mbili, hupewa alama ya zaidi ya asilimia 108 inapolinganishwa na chokaa safi ya kalsiamu. Mtu asiyejua uzito wa atomu angeliona jambo la zaidi ya mia kwa mia kuwa udanganyifu. Si udanganyifu, ni kwamba kilo moja ya kitu chepesi ina molekuli nyingi zaidi.

Liko kosa moja ambalo hata wanafunzi wazuri hulifanya: kudhani kwamba elementi yenye atomu nzito ndiyo metali nzito mkononi. Gorogoro moja ikijazwa mahindi na nyingine ikijazwa maharagwe hazilingani kwa uzito, na tofauti hiyo haitokani na uzito wa punje moja peke yake, bali pia na jinsi punje zinavyobanana. Atomu ya risasi, 207.2, ni nzito kuliko atomu ya dhahabu, 196.97. Lakini sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.3, na ya dhahabu ina gramu 19.3. Atomu za dhahabu zimebanana zaidi: katika nafasi ileile zinaingia karibu mara 1.8 ya atomu za risasi. Pale ambapo atomu zinalingana kwa ukubwa, uzito wake hutawala. Mfano safi ni koltani ya Kivu, yenye niobiamu na tantalamu, elementi mbili zinazofanana kwa tabia na zenye atomu za ukubwa karibu sawa, ndiyo maana hukaa katika jiwe moja. Niobiamu ni 92.91 na tantalamu 180.95, mara 1.95. Ujazo sawa wa metali hizo safi una gramu 8.6 kwa 16.6, na uwiano ni karibu uleule.

Ng'ambo ya mpaka wa Mugirango Kusini, katika Kaunti ya Migori, wachimbaji wadogo hutafuta dhahabu kwa karai na maji. Wanachotegemea ni mbanano huo wa atomu: mchanga wa kwatzi una gramu 2.65 kwa kila sentimita ya ujazo, maji yanauzungusha na kuutoa, na dhahabu inabaki chini. Kisha wengi hutia zebaki, ambayo hushika chembe ndogo za dhahabu. Katika jedwali dhahabu na zebaki ni majirani, protoni 79 na 80, na uzito wa 196.97 na 200.59, tofauti haifiki hata asilimia mbili. Tabia zake hazikaribiani hata kidogo. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064, zebaki ni kimiminika hata katika baridi ya asubuhi ya vilimani, na huchemka kwenye nyuzi 357. Donge likichomwa juu ya jiko, zebaki hupanda kama mvuke usioonekana na dhahabu hubaki. Mvuke huo huingia mapafuni mwa anayechoma na mwa watoto walio karibu, kisha huharibu mishipa ya fahamu. Chombo kilichofunikwa chenye bomba la kupoozea huirudisha zebaki kuwa kimiminika kabla haijamfikia mtu, na huweza kutumika tena.